Mzee Dira Aahirisha Vita

Anatory alikuwa ameshakula ndege tatu za mabomu kabla mkewe hajarudi kutoka jikoni. Zilikuwa karanga za kukaanga, zimepangwa safu mbili juu ya karatasi ya manila iliyofunika meza yote ya sebuleni, na mtu mwenye njaa ya saa nne asubuhi hana namna ya kujua kwamba karanga zilizopangwa vizuri hivyo zinakwenda kuteketeza bandari. Maharage yaliyozizunguka, ambayo ndiyo ndege za kusindikiza, hayakumvutia. Yalikuwa mabichi.

"Anatory! Nani kagusa kikosi changu?"

"Kikosi kipi? Nimekula karanga."

"Umekula robo ya nguvu yangu yote. Jumapili bandari nitaivunja na nini?"

"Na maharage," alisema Anatory. "Yachemshe kwanza."

Eufrazia hakucheka. Alichukua rula yake ya mbao, ile aliyostaafu nayo baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha jiografia pale Rulenge, akaanza kupima upya. Kutoka uwanja wa ndege, uliochorwa kwa kalamu nyekundu, hadi bandarini ni sentimita kumi na nane. Mafuta yanatosha kwenda na kurudi, ikiwa marubani hawatazurura njiani kama watoto wanaotumwa chumvi. Tatizo ni rubani mmoja, tena yule anayempenda kuliko wote, ambaye huzurura kila siku.

Vita yenyewe haikuwepo popote. Visiwa vilikuwa vya kubuni, bandari ya kubuni, na ndege zilikuwa zile za zamani zenye pangaboi mbele, za kwenye kompyuta. Waliokuwa wa kweli ni watu kumi na wanne wa mikoa ya Ziwa waliokutana mtandaoni jioni tatu kwa wiki kurusha ndege hizo, na wenzao wa Kampala waliokuwa maadui kwa muda wa wiki sita. Kampeni ilikuwa imefika tatu kwa tatu. Jumapili saa kumi jioni ndiyo ingekuwa ya mwisho.

Mpangaji wa kampeni aliitwa Mzee Dira. Hakuna aliyewahi kusikia sauti yake, maana alisema kipaza sauti chake kimeharibika, na mipango yake yote aliiandika. Lakini kwa jinsi alivyojua ramani na upepo, na jinsi alivyokaripia, kikosi kizima kiliamini ni mwanajeshi mstaafu, pengine kanali, pengine mwenye kovu. Walimwamkia "Shikamoo Mkuu" kabla ya kuruka. Eufrazia, akiwa na kanga kiunoni na mkaa vidoleni, aliandika "Marahaba" akaendelea na kazi. Hakumdanganya mtu. Hawakumuuliza.

Kurusha ndege mwenyewe hakuweza. Mara mbili alizojaribu aligonga kilima alichokuwa amekipima kwa mkono wake.

Alikuwa anatafuta karanga tatu za kuziba pengo, na Anatory anatafuta namna ya kupata ya nne, mlango ulipogongwa akaingia binti yao Jovina na begi kubwa.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona na begi? Umekuja kutusalimia?" aliuliza Anatory.

"Nimekuja kukaa."

* * *

Jovina alikuwa ameolewa miaka mitatu iliyopita na Shibuda, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Kaniha na ng'ombe zao, naye akaziacha ng'ombe akafungua kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta Lusahunga, pale malori yanapopumzika. Ndoa ilifungwa kanisani na watu walikula. Eufrazia hakuwa na neno baya juu ya kijana huyo, isipokuwa moja, nalo alilisema mara nyingi: alikuwa gogo. Hazungumzi. Akija Rulenge hukaa uani kwenye kigoda, macho chini, na mama mkwe akitokea tu, kijana huinuka na kuzunguka nyuma ya nyumba kama mwenye deni.

Kwa kweli ilikuwa heshima. Kwa Wasukuma mkwe hamtazami mama wa mkewe usoni, hali naye sahani moja, hapishani naye njiani, na kwa Wahangaza wa Rulenge mambo ni yale yale. Eufrazia aliyajua hayo tangu utotoni. Ila mtu anaweza kujua kwamba ni heshima na bado akachoka nayo.

"Amekupiga?" aliuliza Anatory.

"Bora angenipiga, ningejua kwamba yupo." Jovina alikaa, begi miguuni. "Baba, mume wangu anapigana vita."

"Na nani?"

"Na Waganda."

Mkono wa Anatory, uliokuwa unaelekea kwenye karanga, ulisimama hewani. Alitazama manila. Akamtazama mkewe. Eufrazia alikuwa ameshashika kitambaa cha meza, akakitandaza juu ya vita yote, bandari na visiwa na maharage, kwa kasi ya mwalimu anayeficha mtihani.

"Ni kitu gani hicho?" aliuliza Jovina.

"Kazi za jumuiya," alisema mama yake. "Endelea."

"Kwenye kompyuta. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Anafunga kibanda, anakuja nyumbani, anavaa mahedifoni yake, basi. Na usidhani ni yule bubu mnayemjua. Huko anapiga kelele! Anacheka, anatania watu, anajisifu. Mimi mkewe sipati maneno kumi kwa siku, lakini Nyigu hanyamazi."

"Nyigu nani?" aliuliza Eufrazia.

"Ndilo jina lake huko. Nyigu."

Eufrazia alikaa. Nyigu ndiye rubani wake bora. Nyigu, mwenye mdomo mrefu na mkono mwepesi, anayeacha safu na kwenda kuchokoza adui peke yake, kisha anarudi na kumwambia Mkuu kwa ile sauti yake kubwa, "Nilipotea njia, Mkuu, nikakuta nimeangusha wawili." Miezi minane alikuwa anaisikia sauti hiyo sikioni, akiipenda kama ya mtoto wake. Na sauti ya mkwewe hakuijua, kwa sababu katika miaka mitatu alikuwa amesikia kutoka kwake "shikamoo mama" labda mara nane, zote kutoka nyuma ya nyumba.

Hata kompyuta yenyewe! Iliharibika mwaka juzi, Jovina akaipeleka kibandani kwa Shibuda, ikarudi nzima na mchezo wa ndege ndani yake. Eufrazia alidhani kompyuta zikitengenezwa hurudi hivyo.

"Na kosa si lake peke yake," Jovina aliendelea, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka. "Kuna mzee mmoja huko anawaamrisha. Mzee kasema, Mzee kaagiza. Paroko hamsikilizi hivyo. Huyo mzee nikimpata!"

Anatory alinyoosha mkono taratibu chini ya kitambaa, akatoa karanga, akaitafuna huku anamtazama mkewe machoni. Akachukua nyingine. Eufrazia aliziona ndege zake zikienda mojamoja na hakuthubutu kufungua mdomo.

* * *

Jikoni, baadaye, Jovina alitoa kipande cha pemba kwenye kona ya kanga akakilamba. Mama yake aliuona udongo ule mwekundu na hakuhitaji kuuliza mengi.

"Miezi mingapi?"

"Miwili na kitu."

"Yeye anajua?"

"Alhamisi iliyopita nilichinja jogoo ili nimwambie. Huwa wanaanza saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo nikajua saa kumi na moja nikimwekea chakula, nina nusu saa nzima. Nimeweka sahani mezani, nimekaa, nimefungua mdomo, akaniambia, 'Subiri kidogo, Mzee kasogeza muda.' Akala paja la jogoo kwa mkono mmoja, mwingine unavunja daraja. Mama, sikumwambia. Na sitamwambia mpaka akili imrudie. Nitazaa hapa hapa."

Eufrazia aligeukia sufuria lisilohitaji kukorogwa, akalikoroga. Alhamisi. Daraja. Alisogeza muda kwa nusu saa ili jua liwe machoni mwa Waganda, na aliona ni ujanja mkubwa, akajisifia mwenyewe mpaka kitandani. Aibu aliyoisikia sasa ilimpanda kutoka miguuni. Alikuwa amemnyang'anya binti yake nusu saa, ile moja aliyoihitaji, na binti yake alikuwa anamlilia yeye.

Angesema pale pale, mambo yangeisha. Hakusema. Jovina akijua, atakasirika na wawili badala ya mmoja, na atabaki na nani? Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Ya pili, ambayo hakujipa, ni kwamba Mwalimu Eufrazia, katibu wa jumuiya, msomaji wa somo la kwanza kanisani, aliogopa kuchekwa.

* * *

Jioni hiyo Nyigu hakuruka. Ilipofika saa kumi na mbili, ujumbe wake ukaja pembeni, kwa Mzee Dira peke yake.

"Shikamoo Mkuu."

"Marahaba. Umekosa mazoezi."

"Nisamehe. Mke wangu amerudi kwao. Naomba ushauri, wewe ni mtu mzima."

Eufrazia alifunga mlango wa chumba. Alikaa kitandani, simu mapajani.

"Kwa nini amerudi?"

"Hajasema. Nadhani ni mimi. Jumapili natakiwa kwenda kumwomba. Baba mkwe si mbaya, anapenda utani. Shida ni mama mkwe."

"Ana nini?"

"Ananidharau, Mkuu. Ni mwalimu. Aliwahi kumwambia mke wangu kwamba mimi ni gogo."

Aliwahi. Ilikuwa Pasaka, na alilisema kwa sauti.

"Labda si mtu mbaya," aliandika Mzee Dira.

"Wewe humjui. Hata mimi simjui, uso wake sijawahi kuuona vizuri. Naijua miguu yake. Ana sendo za kahawia, ya kulia imeshonwa kwa uzi mweupe. Zikitokea zile sendo, jasho linanitoka mgongoni."

Eufrazia aliinamisha kichwa akaitazama miguu yake. Uzi mweupe ulikuwa pale pale, ameushona mwenyewe.

"Sasa niambie nifanye nini," Nyigu aliandika. "Nikizungumza mbele yake, nimekosa adabu. Nikinyamaza, gogo. Kule angani nasema chochote kwa sababu hakuna mkwe wa mtu."

Eufrazia alicheka, kisha akaacha. Hakuna mkwe wa mtu! Alitaka kumwandikia ukweli, akaufuta mara mbili. Mwishowe alifanya lile alilolijua. Alichukua karatasi, akachora nyumba yake mwenyewe kutoka juu, uani, jikoni, mlango wa mbele, mgomba wa kona, na akaanza kupanga namna ya kuivamia.

"Chukua kalamu," aliandika. "Kwanza, usiende peke yako. Una mtu mzima wa kike?"

"Nina shangazi, Kwandu."

"Atangulie yeye. Uso wa mwanamke mzima hulainisha wazee. Pili, mzigo. Pombe lazima, lakini ongeza sato mbichi wakubwa wawili. Baba mkwe wako ataacha kuuliza maswali magumu."

"Umejuaje kwamba anapenda sato?"

Vidole vilisimama. "Baba mkwe gani hapendi sato?"

"Kweli, Mkuu."

"Tatu, patakuwepo mzee wa ukoo anayezungumza sana. Usimkatize. Ana mafuta ya dakika arobaini. Mwache azunguke huko juu mpaka yaishe, ndipo utue. Nne, ukiulizwa kosa lako, usimtaje mtu mwingine. Kubali."

"Na mama mkwe?"

Eufrazia alichora duara kwenye mlango wa jikoni.

"Huyo niachie mimi," aliandika, kisha akaogopa, akaongeza haraka, "yaani, mwombee."

* * *

Mzee wa ukoo alikuwa Rwekaza, kaka mkubwa wa Anatory, na yeye ndiye aliyepanga muda bila kuuliza mtu: Jumapili baada ya misa watu wapumzike, kikao saa kumi jioni. Saa ile ile ya bandari.

Eufrazia alijaribu. Alimwambia shemeji yake kwamba saa kumi ni jua kali. Rwekaza alijibu kwamba mgomba una kivuli. Alimwambia saa nane ingefaa zaidi. Rwekaza aliuliza tangu lini upande wa mwanamke una haraka, akataka kujua kama kuna jambo linafichwa, na Eufrazia akasema hapana, shemeji, hakuna.

Ijumaa Mzee Dira aliwaandikia wote: "Vita ya Jumapili imeahirishwa kwa sababu za kifamilia."

Kikosi kilichafuka. Rubani wa Mwanza aliyeitwa Radi ndiye aliyechafuka kuliko wote. "Mkuu, tangu lini vita inaahirishwa?"

"Umepigana ngapi?"

"Hii ndiyo ya kwanza."

"Basi nyamaza."

Kampala walijibu kwa heshima zote kwamba wanampa pole Mzee, lakini sheria ni sheria, asiyetokea amepoteza. Wiki sita za rula na karanga zikaishia hapo. Eufrazia aliikunja manila mara nne akaitia chini ya godoro, na ilimuuma, tena sana, ingawa alijua hakuna mtu wa kumpa pole kwa jambo la namna hiyo. Anatory ndiye aliyejaribu.

"Bandari imepona, basi?"

"Imepona."

"Nitakununulia karanga," alisema Anatory.

* * *

Jumapili walifika kwa mchomoko, ile gari ndogo ambayo watu hukaa wanne mahali pa wawili, na shangazi Kwandu alishuka wa kwanza, mwanamke mrefu mwenye kitenge cha bluu na ndoo ya samaki. Shibuda alifuata na dumu la pombe ya ndizi begani, macho yake ardhini tangu mlango wa gari. Anatory aliichungulia ndoo. Wawili, na mikia ilitoka nje.

"Karibuni sana," alisema kwa sauti ambayo hakuwa ameipanga. "Karibuni kabisa!"

Wanaume na shangazi walikaa uani. Eufrazia na Jovina walikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango wa mbele, pale wanapokaa kina mama, mkwe akiwepo, wasikie kila kitu na wasionekane. Eufrazia alikuwa ameitia simu kwenye ukimya na kuiweka mapajani chini ya kanga. Pazia lilikuwa fupi kidogo. Hilo hakulifikiria.

Rwekaza alisimama. Alianza na babu wa babu yao alivyoingia Ngara. Alipitia ukame, akapitia ujenzi wa kanisa, akagusa bei ya kahawa. Shangazi Kwandu alianza kusinzia. Shibuda alitulia tuli, hata nzi alipotua kwenye goti lake hakumfukuza. Baada ya dakika arobaini kamili Rwekaza alikohoa, akatafuta neno, hakulipata, akakaa.

"Kosa ni langu," alisema Shibuda mara moja, kwa sauti ndogo.

Rwekaza alishangaa. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi. "Kosa gani?"

"Nilimwacha mke wangu peke yake nyumbani nami nikiwemo."

Nyuma ya pazia Jovina aliacha kulamba pemba.

"Ng'wanawane, mwanangu huyu, amekiri," alisema Kwandu, sasa yuko macho. "Wakwe zetu, tunaomba mke wetu."

Anatory alikuwa tayari kumtoa, na samaki waingie jikoni. Lakini Rwekaza hakuwa amekula bado na hakutaka kesi iishe upesi hivyo. "Taratibu. Nimesikia kuna mzee anayemwita huyu kijana kila jioni. Kweli?"

"Yupo."

"Huyo naye ana kesi. Mtu akikuvunjia nyumba kwa kumwita mumeo, kwetu naye anakuja uani kuomba radhi. Mlete."

"Baba, naomba asiingizwe." Shibuda alinyanyua kichwa kidogo. "Ni mtu mzima. Hakujua kama nina mke anayenisubiri, sikumwambia. Tena wiki hii ameahirisha vita, kikosi kizima kikamtukana, na nadhani ni kwa ajili yangu. Nipigeni faini mimi."

Eufrazia alisikia joto machoni. Gogo lake lilikuwa linamtetea.

"Mlete!" alisema Rwekaza. "Ana simu? Mwandikie hapa hapa. Jibu utusomee."

Shibuda alitoa simu, akaandika polepole, na chini ya kanga kitu kikatetemeka.

Jovina aliisikia ile ngurumo ndogo. Aligeuka. Mama yake alikuwa ametoa simu, na juu ya kioo paliandikwa Nyigu, na chini yake: *Shikamoo Mkuu. Wazee wa mke wangu wanataka neno lako.*

"Wewe?" Jovina alinong'ona.

"Mimi."

"Alhamisi ile?"

"Nilitaka jua liwe machoni mwa Waganda."

Jovina alimtazama mama yake kwa muda ambao kwa Eufrazia ulikuwa mrefu kuliko hotuba ya Rwekaza. Alimfinya mkono, alifinya kwa kweli, mpaka mama akauma midomo. "Jibu," alisema. "Wanasubiri. Jibu vizuri."

Eufrazia aliandika. Uani Shibuda alisoma kwa sauti: "Mimi Dira nimekosa. Nilisogeza muda bila kuuliza nani amewekewa jogoo mezani. Namwomba radhi mama wa nyumba ile, na sitamwita mumewe tena bila ruhusa yake."

"Ah," alisema Rwekaza, ameridhika. "Kumbe ana adabu."

Lakini Shibuda alikuwa amekunja uso. "Jogoo?" alisema. "Sijawahi kumwambia habari za jogoo."

Anatory alikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Nyuma ya pazia Eufrazia alifunga macho. Miaka thelathini na moja aliwaambia watoto wa watu wasome kazi yao kabla ya kukusanya, na yeye hakusoma.

Alipofungua macho, simu haikuwa mkononi mwake. Alikuwa nayo Jovina, na alikuwa anaandika. Mumewe alikuwa anamsikiliza mtu mmoja tu duniani, basi leo atamsikiliza. Alibonyeza.

"Ameongeza neno," alisema Shibuda, akaanza kusoma. "Nyigu, amri ya mwisho. Ukirudi leo punguza mwendo, chunga mashimo. Mkeo amebeba abi..."

Hakumaliza. Alisoma tena kimoyomoyo, midomo ikicheza. Shangazi Kwandu alimpokonya simu, akaisogeza mbali na macho yake ya kizee, akapiga kigelegele kilichowainua kuku wote wa jirani.

Kisha uani kwa Anatory ikasikika sauti ambayo hakuna mtu wa Rulenge aliyewahi kuisikia. Ilikuwa kubwa, ya furaha, haina adabu yoyote. "Jovina! Jovina, kweli? Jovina we!"

"Nani huyo anayepiga kelele?" aliuliza Rwekaza, akimtafuta mtu mwingine.

Jovina alitoka, pazia likayumba, akasimama mbele ya mumewe akicheka na kulia, na alisahau kwamba simu bado iko mkononi mwake. Shibuda alimtazama yeye kwanza, tena kwa muda, na hilo Jovina alilitaka kuliko faini yoyote. Ndipo akaiona simu. Aliujua ule mfuniko wa maua. Aliutengeneza yeye, wa mama mkwe, mwaka juzi pamoja na kompyuta.

Akaligeukia pazia. Lilikuwa limeacha kuyumba. Chini yake, kwenye ile nafasi ya vidole vinne, zilisimama sendo mbili za kahawia, ya kulia imeshonwa kwa uzi mweupe, na zilikuwa zimebanana kama za mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Anatory aliingiza mkono mfukoni akatoa karanga, lakini hakuila.

Shibuda alishusha macho mpaka ardhini, kama inavyotakiwa. Alisimama wima, mikono ubavuni.

"Shikamoo, Mkuu," alisema, kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

"Anaamkia nani huyu?" alisema Rwekaza. "Anatory, kijana anaamkia nani?"

Zile sendo zilijivuta nyuma hatua moja, zikasita, zikarudi pale zilipokuwa.

"Marahaba, mwanangu," likajibu pazia.